Njia za kutembea siku tatu na kuendelea, begi mgongoni, gari likitokea Dar: tuanzie wapi?

Mkazi wa Kinyerezi

Habari zenu wakuu.

Naomba mawazo ya wenye uzoefu. Mimi na wenzangu watatu tunaishi Dar, wote waajiriwa, na likizo zetu ni zile za kuunganisha sikukuu na wikiendi. Kwa muda sasa tumekuwa tukitembea misitu ya Pugu na Kazimzumbwi hapa jirani, tunaingia asubuhi na kutoka jioni, miguu imeshazoea. Tunataka kusogea mbele: kutembea siku tatu, nne, hata tano mfululizo, vitu vyetu tumebeba wenyewe, usiku tunalala njiani na asubuhi tunaendelea na safari. Zile safari za kulala hotelini na kwenda kuangalia maporomoko kisha kurudi kula chakula cha jioni sizitafuti.

Masharti yetu ni haya. Gari litoke Dar alfajiri, lifike kabla ya giza, na ni gari la chini. Kilimanjaro na Meru tumeziweka kando kwa sababu ya umbali na gharama. Kila nikitafuta mtandaoni naletewa Kilimanjaro tu. Je, huku karibu hakuna kitu?

Mchapamwendo

Kipo mkuu, tena kingi. Milima ya Tao la Mashariki inaanzia Taita kule Kenya, inashuka Pare, Usambara, Nguru, Uluguru, mpaka Udzungwa. Aliyeko Dar anaifikia Usambara, Uluguru au Udzungwa kwa siku moja ya barabara. Tunaipita kila mwisho wa mwaka tukienda Moshi au Iringa, tunaiangalia dirishani, basi.

Ushauri wangu wa kwanza: msichague kwa urefu wa kilele. Jiulizeni usiku mtalala wapi, na mkimaliza mtarudije gari lilipo. Njia nzuri za siku nyingi mara nyingi hazizunguki. Unaanzia mji huu unamalizia kijiji kingine mbali kabisa, na gari limebaki nyuma. Nimeona makundi yakipanga kila kitu mpaka chumvi, halafu siku ya mwisho yanasimama barabarani yakiulizana.

Kwa kuanzia, nendeni Lushoto hadi Mtae. Hiyo ndiyo njia ninayompa kila anayeniuliza, na sijaona sababu ya kubadili.

Gari mnaliacha Lushoto mjini, kwenye nyumba ya wageni mtakayolala usiku wa kwanza. Mkubaliane na mwenye nyumba mapema kwamba litakaa hapo siku kadhaa na mtalilipia. Asubuhi mnapanda kuelekea msitu wa Magamba. Ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya TFS, yaani Wakala wa Huduma za Misitu, kwa hiyo kiingilio na kibali mnashughulikia kwao kabla ya kuingia. Mle ndani ni msitu wa kweli, miti mirefu, ukungu asubuhi, na mbega weusi na weupe ukiwa na subira ya kusimama kimya. Mkitokea upande wa pili mnashuka kuelekea Lukozi, na kuna nyumba ndogo za wageni za kulala.

Siku ya pili ni Lukozi hadi Rangwi, na ndiyo siku ninayoipenda kuliko zote. Njia inapita katikati ya makabichi na viazi, mfereji wa maji uko sentimita chache kutoka kwenye unyayo wako, na mkulima anaufungua na kuufunga kwa jembe na tope akiyaelekeza maji tuta hadi tuta. Wanafunzi wanakupita mbio kwenye mlima uliokuwa unaupanda kwa kuhema. Msimu wa matunda ukikuta, mapeasi na mafyulisi yanauzwa kando ya njia. Rangwi kuna masista wenye nyumba ya wageni. Pasafi, chakula kipo, ila wapeni taarifa kabla, msifike kama mvua.

Siku ya tatu mnaingia Mtae. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima, pande zote mbili ardhi imeporomoka. Chini unaiona nyika ya Mkomazi, mbele milima ya Pare, na anga likitakata Kilimanjaro inaonekana kwa mbali. Mkiwa na siku ya nne, ipelekeni Mambo, ni jirani tu, mwamba wake unashuka zaidi ya mita elfu moja mpaka nyikani.

Kurudi ni basi la Mtae kwenda Lushoto. Yanaondoka alfajiri mno, kuna giza bado, kwa hiyo ulizeni jioni ile mnayofika. Mkilikosa, siku imeharibika.

Dereva wa Safari Ndefu

Naongezea upande wa barabara kwa sababu hapo ndipo watu wanapoteza siku nzima.

Kwenda Lushoto si lazima upite Chalinze. Toka Dar kwa Bagamoyo, shika barabara ya Msata, utaungana na barabara kuu ya kwenda Segera bila kukutana na foleni ya malori ya Kibaha na Mlandizi. Kisha Segera, Korogwe, Mombo. Mombo kata kulia, kilomita 33 za lami hadi Lushoto kupitia Soni. Gari la chini linapanda bila shida, ila barabara ni nyembamba, kona zimekaa ukingoni, na mabasi yanashuka kwa fujo. Piga honi kabla ya kona na usiipande usiku kama hujaizoea. Ukitoka Dar saa kumi na moja alfajiri, mchana uko juu unakula.

Kwenda Udzungwa unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, kilomita kama 50. Shika mwendo ulioandikwa kwenye vibao. Kumgonga mnyama ni faini, na inategemea umegonga mnyama gani. Jua likizama nyati na tembo wanavuka ovyo, kwa hiyo pangeni mpite mchana.

Mtoto wa Mgeta

Mchapamwendo umesema vizuri, lakini kama wana siku tatu tu Lushoto inawala siku mbili za barabara. Waje kwetu Uluguru.

Watu wengi wa Dar wakisema wamepanda Uluguru wanamaanisha Morningside, ile nyumba ya Wajerumani ya mwaka 1911 juu ya mji wa Morogoro, au wamefika Bondwa kwenye minara. Ni pazuri kwa siku moja. Lupanga nayo, mita 2,138, inakutoa jasho kwelikweli, unapanda kwa kushika mizizi. Lakini hizo zote unarudi mjini jioni.

Mnachokitafuta ninyi kiko Uluguru Kusini. Pitia Morogoro, shika barabara ya Iringa, pale Sangasanga kata kushoto upande Mgeta. Hiyo barabara kiangazi gari la chini linapita kwa dereva mwenye mkono mtulivu, lakini mvua ikinyesha usijaribu, tope lake ni la kuteleza kama sabuni. Mimi ningeacha gari Morogoro na kupanda magari yanayokwenda Nyandira. Au acheni gari nyumbani kabisa: tangu Juni 2024 treni ya SGR inawafikisha Morogoro.

Usiku wa kwanza laleni Nyandira au Tchenzema, kijijini. Asubuhi mnapanda na mwongozaji wa hapohapo, mnaacha mashamba ya ngazi, mnaingia msituni, na mwisho msitu unafunguka mnatokea uwanda wa Lukwangule. Uko zaidi ya mita 2,400. Nyasi tupu, upepo, ukungu unakuja na kuondoka, na baridi ambayo mtu wa Kinyerezi hajawahi kuikuta. Huko mnalala kwenye hema, hakuna nyumba. Wenye nguvu wanaendelea kuelekea Kimhandu, kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru, mita 2,630. Siku inayofuata mnashuka.

Kibali ni TFS, ofisi ya hifadhi iko Morogoro. Msipite bila kibali eti kwa kuwa kijiji kimewakaribisha. Uluguru ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 2008, na kuna ndege mle ambao duniani kote wanapatikana kwenye milima hii tu. Tena mito inayotoka juu huku inaingia Ruvu, na Ruvu ndiyo mnayofungua bombani huko Dar. Kwa hiyo takataka zote mshuke nazo, na msikate mti wa kuwashia moto.

Mkazi wa Kinyerezi

Mmenifungua macho wakuu. Hili la gari sikuwa nimelifikiria kabisa.

Swali: Udzungwa vipi? Mwenzetu mmoja anataka pori hasa, bila mashamba, bila maduka. Ameng'ang'ania kilele cha Mwanihana.

Dada wa Milimani

Karibu mkuu, huko ndiko kwangu.

Udzungwa ni hifadhi ya taifa tangu 1992, kilomita za mraba 1,990, na ndani hakuna barabara ya gari. Ukitaka kuiona ni kwa miguu. Makao makuu yako Mang'ula, kilomita kama 65 kutoka Mikumi mjini kwa barabara ya Kidatu. Wengi wanafika, wanapanda maporomoko ya Sanje, mita 170, wanapiga picha wanaondoka. Sanje ni pazuri mno, sibishi. Ila raha ya Udzungwa unaipata ukilala ndani.

Njia ya Mwanihana ni kilomita 38, siku tatu na usiku mbili. Kilele kiko mita 2,100 na ushee, na unaanzia chini kabisa kwenye bonde la Kilombero. Zingatia hilo. Msitu huu haukatiki tangu bondeni mpaka juu, na ndiyo maana wanasayansi wanaupenda, lakini kwa mwenye begi maana yake ni kupanda siku nzima. Chini ni joto na unyevu, shati linaganda mwilini saa moja tu baada ya kuanza. Juu usiku unavaa kila ulichobeba. Kinyesi cha tembo kipo njiani, kingine bado kinatoa moshi, kwa hiyo askari wa hifadhi mwenye silaha lazima awe nanyi na neno lake ndilo la mwisho. Akisema simama, simama. Akisema hapa hatulali, hamlali.

Wanyama wa huko hawana haraka ya kuonekana. Mbega wekundu wa Iringa mtawaona bila tabu upande wa Mang'ula. Sanje mangabey, nyani mdogo wa kijivu ambaye sayansi ilimfahamu mwaka 1979 tu, yuko Udzungwa peke yake. Mara nyingi unamsikia kabla ya kumwona.

Ipo pia njia ya Lumemo, kilomita 65, siku tano au zaidi. Hiyo iacheni kwanza.

Kwa Mwanihana, wapigieni hifadhi wiki kadhaa kabla. Njia ndefu hazipitwi kila siku, msitu unazifunga, na wao wanahitaji muda wa kupanga askari. Malipo ni kwa namba ya malipo ya serikali, msije na bahasha ya noti. Bebeni vitambulisho vya taifa, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki tuna viwango vyetu kwa shilingi na mlangoni utaulizwa uthibitishe.

Maoni yangu ya wazi: msianze na Mwanihana. Aliyezoea Pugu hajapanda bado, amezoea umbali tu. Pugu haikuambii magoti yako yatasemaje ukishuka mita elfu moja na begi. Anzeni Usambara, kisha Lukwangule na hema, kisha mje kwetu. Mtaifurahia mara tatu.

Pori kwa Pori

Samahanini, mimi sikubaliani na hili la Lushoto. Unalala nyumba ya wageni, unakula chipsi, unapita kwenye makabichi. Hayo ni matembezi ya kijijini. Mtu ameomba kubeba vitu vyake na kulala njiani.

Mchapamwendo

Hoja yako ninaielewa mkuu, nami napenda hema. Lakini angalia aliyeuliza ni nani. Ni watu wanne ambao hawajawahi kutembea siku mbili zinazofuatana. Kinachomshinda mtu kwenye safari ndefu ni asubuhi ya pili, anapoamka mapaja yamekaza, malengelenge yameota, na begi ni lilelile. Ukigundua hilo Lukozi, unapumzika au unapanda noah kurudi Lushoto. Ukigundua ukiwa katikati ya Mwanihana, askari na wenzako wote wanashuka na wewe, na fedha ya hifadhi imeshalipwa.

Tena hakuna anayewakataza kubeba hema Usambara. Kwenye ardhi ya kijiji nenda kwa mwenyekiti wa kitongoji au ofisi ya kijiji, eleza mnatoka wapi na mnakwenda wapi, omba mahali. Mara nyingi mnaonyeshwa uwanja wa shule au wa kanisa, na maji mnaelekezwa. Anayechomeka hema shambani kwa mtu usiku bila kuaga anatafuta ugomvi, na ana haki ya kuupata.

Na mashamba yale si kasoro. Wasambaa wameilima milima ile kwa vizazi, na njia tunazopita ni njia zao za sokoni, shuleni na msibani. Ndiyo maana ni nyingi na zinachanganya: kila baada ya hatua mia unakuta njia panda na hakuna kibao. Chukueni mwongozaji Lushoto, na ramani ya simu muipakue kabla kwa sababu mtandao unapotea mabondeni.

Mama wa Wawili

Nimefuatilia uzi huu kimya, naomba kuuliza. Binti yangu ana miaka 12, ana nguvu kuliko mimi, na amenisumbua tangu walipofanya safari ya shule. Hii ya Lushoto anaiweza?

Dada wa Milimani

Anaiweza dada, kwa sharti msifupishe siku. Sehemu mtu mzima anakwenda mara moja, ninyi igaweni mara mbili, vijiji vya kulala vipo. Begi lake liwe na nguo zake, maji na koti tu. Na mwambieni mwongozaji tangu mwanzo kwamba kuna mtoto, apange njia yenye kivuli. Kina mama wa vijiji vile wakimwona mtoto anatembea, mtakaribishwa uji kila nyumba.

Mkazi wa Kinyerezi

Tumejadiliana, tumekubali Lushoto hadi Mtae kwanza. Aliyeng'ang'ania Mwanihana amepewa ahadi ya mwakani. Sasa vifaa na msimu. Tunafikiria Pasaka.

Mchapamwendo

Pasaka hapana. Inaangukia kwenye masika, Machi hadi Mei, na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa unatembea hatua moja unateleza mbili. Wengi wanaichagua kwa sababu ya zile siku za mapumziko, kisha wanarudi wakisema milima ni mibaya. Ngojeni Sabasaba au Nanenane. Tarehe 7 Julai na 8 Agosti zote ziko kwenye kiangazi, mkiongeza siku za likizo mbele au nyuma mnapata siku zenu tano. Kuna baridi, kwa hiyo sweta na koti la mvua havina mjadala. Oktoba mwanzoni nayo inafaa kabla vuli haijakolea.

Mtoto wa Mgeta

Uluguru kuweni waangalifu zaidi. Upande wa mashariki unanyeshewa karibu mwaka mzima, hata Agosti. Upande wa Mgeta una nafuu.

Dada wa Milimani

Vifaa: msinunue vipya. Nendeni soko la Karume kwenye mitumba, asubuhi siku ya kufungua mabelo. Mabegi ya mlima yapo, makoti yapo. Kwenye begi kagueni zipu na bizimu ya mkanda wa kiunoni, yaani kile kifungo cha plastiki, kwa sababu kikivunjika begi limekufa. Mkanda wa kiuno ndio unaobeba mzigo. Lijazeni begi, vaeni, fungeni mkanda juu ya mifupa ya nyonga na kuukaza, halafu ndiyo mvute kamba za mabegani. Mkiona mabega bado yanauma baada ya nusu saa, mkanda uko chini mno. Fanyeni hilo Pugu, begi likiwa na uzito uleule mtakaokwenda nao, maji yakiwemo.

Ndani ya begi wekeni kiroba kikubwa kisafi, vitu vyote viingie humo, na nguo za kulalia zifungwe peke yake. Mvua ikipita kwenye begi, kiroba kinazuia.

Chakula kwa njia ya Lushoto ni kidogo tu, maduka yapo: karanga, tende, unga wa uji. Mkienda Lukwangule ndiyo mtahitaji jiko dogo la gesi. Huko bebeni tambi, mchele, dagaa waliokaangwa. Maharage makavu yaacheni nyumbani, yatamaliza gesi yote kabla hayajaiva. Maji ya mito chemsheni au tieni vidonge, hata yakionekana meupe kiasi gani; juu yake kuna mashamba na mifugo.

Viatu visiwe vipya. Raba mliyozoea, yenye meno chini, ni bora kuliko buti la jana.

Dereva wa Safari Ndefu

Moja la mwisho kuhusu gari kukaa Lushoto. Chomoeni waya mmoja wa betri kama litakaa siku tano kwenye baridi, hasa betri ikiwa ya zamani. Funguo ya akiba ibebwe na mtu mwingine, si aliye na funguo ya kwanza. Na jazeni mafuta Mombo mkipanda, ili siku ya kurudi mteremke moja kwa moja bila kuzunguka mjini kutafuta kituo.

Mkazi wa Kinyerezi

Nimeyaandika yote. Tunalenga Nanenane: tarehe 5 tunalala Lushoto, 6 Lukozi, 7 Rangwi, 8 Mtae, 9 basi la alfajiri hadi Lushoto, kisha gari mpaka Dar. Kuna anayeona kasoro?

Mchapamwendo

Moja tu. Mkirudi tarehe 9 mkiwa mmeamka usiku wa manane kuwahi basi, dereva wenu atakuwa amechoka kabla hajashika usukani, na barabara ya Segera jioni ya sikukuu ina magari mengi. Laleni Lushoto usiku ule, mteremke tarehe 10 asubuhi. Kama hamna siku ya ziada, basi ondokeni Dar tarehe 4 jioni, laleni Korogwe, na tarehe 5 saa mbili asubuhi mko Lushoto mnaanza kutembea siku hiyohiyo.

Mkazi wa Kinyerezi

Korogwe tarehe 4. Nawapigia wenzangu sasa hivi waombe ruhusa kazini.